Vazi la mhusika hufia kwenye maungio, si kwenye rangi

Mheshimiwa Mhariri,

Kurasa za burudani zimeanza kuwapa nafasi watengenezaji wa mavazi ya wahusika, yaani kosplei, na hilo ni la kushukuru. Lakini maelezo yanayoambatana na picha hizo yana kasoro inayojirudia: mistari kumi ni ya rangi, mmoja ni wa gundi, na huo mmoja husema "paka gundi kisha bandika." Anayeyafuata atapata deraya, yaani mavazi ya kinga ya vita, inayong'aa mezani na kubanduka begani kabla hajatembea hatua mia. Naomba nafasi katika safu ya barua nieleze upande wa ndani wa vazi, kwa sababu kazi iko huko.

Wala si kazi ya juzi. Katika mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za kisayansi, New York mwaka 1939, Myrtle Douglas alihudhuria akiwa na vazi alilolishona mwenyewe, na la mwenzake Forrest Ackerman pia lilitoka mikononi mwake. Neno kosplei lilikuja baadaye sana, Japani, miaka ya 1980. Sindano ilitangulia jina.

Mpira unaotumika zaidi kwa deraya ni EVA, jamii moja na mpira wa kandambili na wa ile mikeka ya mazoezi inayofungamana kwa meno. Ni mwepesi, haunywi maji, na ukipata joto hukubali kupindwa. Usiuchanganye na sponji ya godoro, ambayo hufyonza gundi na haishiki umbo, wala na lile povu jeupe la kukinga televisheni ndani ya boksi. Povu hilo huyeyushwa na gundi ya viatu na rangi nyingi za kupuliza, likabaki na mashimo. Ukiwa na shaka, dondoshea tone la gundi kwenye kipande kisicho na kazi, subiri dakika tano, utazame.

Bonyeza mpira kwa ukucha. Alama ikibaki, ni laini mno kwa sehemu inayobeba uzito au inayosuguana na nyingine. Mpira wa kilo 100 kwa mita ya ujazo, ukiwa na unene wa milimita 10, una kilo moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mtu anaweza kujua uzito wa deraya yake kabla hajakata chochote. Milimita 10 zinafaa dirii, yaani kinga ya kifua, na kinga za mabega. 5 au 6 zinafaa chapeo, yaani kofia ya vita, na kinga za mikono. 2 ni za mapambo na kingo. Wanaoanza hupenda kutengeneza kila kitu kwa milimita 10 kwa kudhani unene ndio uimara, kisha kiwiko hakikunjiki na chapeo inakuwa kubwa kama ndoo.

Kiolezo kipatikane mwilini, si kwenye picha. Zungushia sehemu husika nailoni nyembamba ya kufunikia vyombo, juu yake bandika mkanda wa karatasi tabaka mbili, kisha chora mistari ya maungio kwa kalamu ya wino mzito. Kabla ya kukata, weka alama fupi zinazovuka kila mstari, moja kila sentimita tano. Alama hizo ndizo zitakazokuambia baadaye kipande hiki kinakutana wapi na kile. Bila hizo upande mmoja utaisha mapema na mwingine utabaki na mkia. Kata kwa mkasi wenye ncha butu. Palipogoma kulala bapa mezani, pasua, maana pale ndipo mwili unapopinda, na mpasuko huo utakuwa ungio. Chora nusu moja tu ya kifua, kisha geuza kiolezo upate nusu ya pili. Hakuna mwili ulio sawa pande zote, lakini jicho linataka deraya iliyo sawa.

Sasa hesabu inayowabana wengi, na kubana ni neno lake hasa. Mpira ukizungushwa, upande wa ndani hujikunja na wa nje hunyooka. Kisichobadilika ni mstari wa katikati ya unene. Kwa hiyo ongeza unene mara 3.14 kwenye mzunguko. Mkono wenye mzunguko wa sentimita 28, ukivishwa mpira wa milimita 10, unahitaji kipande cha sentimita 31 ili ukae bila nafasi yoyote. Ongeza sentimita 2 au 3 za nguo ya ndani na za kupumua. Halafu jiulize: kiganja kitapitaje? Kinga ya mkono hubana kwenye kifundo, na kiganja ni kipana kuliko kifundo. Ama upime mzunguko wa kiganja kilichokunjwa, ama uache upande mmoja wazi wa kufungwa kwa velkro.

Wembe wa kisu, kile cha kuvunjwa ncha, uwe mkali kuliko unavyodhani inahitajika. EVA humaliza makali haraka, na wembe butu haukati bali hurarua, ukaacha ukingo wenye meno ambao hautakutana na mwenzake. Ukiona meno, vunja ncha ya wembe utumie mpya hapo hapo. Vuta mkato mrefu mmoja badala ya kuchokoachokoa, kisu kikiwa wima kabisa. Pale unapotaka kona ya nyuzi 90, kata kila kipande hanamu ya nyuzi 45, na uandike kwenye kiolezo hanamu inaelekea ndani au nje. Asiyeandika hukata mikono miwili ya kushoto.

Ndipo tufike kwenye gundi, ambako nitakaa kidogo.

Gundi ya viatu, ile ya manjano yenye harufu kali, haitumiki kama gundi ya karatasi. Inapakwa pande zote mbili, inaachwa ikauke, na kinachoshikana ni gundi kwa gundi. Futa vumbi kwanza. Kama ukingo unang'aa, ukwaruze kwa msasa namba 120. Paka tabaka jembamba, sawasawa, hadi pembeni kabisa. Ukingo uliokatwa una vitundu vinavyofyonza, hivyo tabaka la kwanza likikauka, paka la pili. Subiri. Kutegemea hali ya hewa itachukua dakika 5 hadi 15, lakini usiamini saa, amini kidole: ukigusa kwa mgongo wa kidole na gundi haitoi uzi wala haiachi alama kwenye ngozi, iko tayari. Anza kuunganisha kwenye ncha zote mbili, kisha alama ya katikati, kisha zilizobaki, ili tofauti ndogo igawanyike badala ya kurundikana mwishoni. Uso wa nje wa vipande viwili ukutane sawa, usiwe ngazi. Halafu finya kila sentimita kwa nguvu, kwa kuwa uimara wa ungio hili hutokana na mkandamizo wa wakati ule, si muda wa kushikilia. Likishagusana halirudi nyuma; ukikosea, kukata upya ni haraka kuliko kubandua. Liache siku nzima kabla ya kulivuta.

Likiachia, sababu inasomeka kwenye ungio lenyewe. Gundi iliyobaki na nyuzi laini, inayonuka bado siku ya pili, ilibanwa ikiwa mbichi, na kiyeyushi kilifungiwa ndani. Gundi iliyokauka ikawa kama plastiki na haikushika popote ilingojwa kupita kiasi. Hiyo huokolewa kwa tabaka jipya jembamba, au kwa kuipasha joto kidogo ili iamke. Gundi iliyotoka upande mmoja kama ngozi ilikuta vumbi au mpira unaong'aa. Na gundi yenye weupe kama maziwa ilipakwa siku ya unyevu: kiyeyushi kinaporuka hupoza uso wake, mvuke wa hewani ukaganda juu kama umande, na umande haushikani na kitu. Siku ya mvua pasha joto chumba au ahirisha. Ungio lililokuwa zima asubuhi na kufunguka mchana limeiva ndani ya gari lililofungwa juani, kwa kuwa gundi hii hulainika kwa joto.

Gundi ya moto ya vijiti inasifiwa kwa wepesi, na kweli kwa mapambo madogo inafaa. Kwa maungio ya deraya ina aibu mbili: huacha tuta linaloonekana hata chini ya rangi, na jua likiipata hurudi ulaini wake. Gundi ya matone, ile inayokamata vidole, hushika mara moja, lakini ikikauka ni ngumu kama kioo. Penye kukunjika huvunjika na kuondoka na nyama ya mpira.

Na afya. Viyeyushi vya gundi hizi ni kama tolueni na heksani. Heksani inajulikana kuwadhuru mafundi viatu neva za mikono na miguu: ganzi kwanza, udhaifu baadaye. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke huo hata chembe; kinachozuia ni kinyago chenye vichujio vya mkaa vilivyotengenezwa kwa mvuke wa aina hiyo, na vichujio hivyo huisha. Asiye nacho afanye kazi nje, upepo ukipita ubavuni. Ndani, fungua madirisha ya pande mbili. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kuufuata moto ulipo, kwa hiyo pasiwe na jiko, mshumaa wala sigara, na kifaa cha joto kisiwashwe gundi ikiwa bado mbichi. Ukinusa, unavuta. Hapa ndipo maelezo ya magazeti yanaponikera zaidi, maana mara nyingi yanasomwa na watoto wa shule.

Joto lenyewe hutumika kwa kipuliza hewa moto; kikausha nywele kwa kawaida hakifikii. Pitisha kila kipande kabla ya kugundisha: uso hubadilika kutoka kufifia kama chaki kuwa na mng'ao kidogo, vitundu vikajifunga, rangi haitazama tena. Mdomo wa kifaa usisimame, uwe kama sentimita 10 kutoka kwenye mpira. Ukisimama, uso huota malengelenge na kutoa moshi ambao hupaswi kuuvuta. Kwa umbo la mviringo, pasha pande zote mbili hadi kipande kilegee, kikandamize juu ya bakuli au goti lililofunikwa kitambaa kinene, na ushikilie hadi kipoe kabisa. Wengi huachia mapema, kikajinyoosha, wakalaumu mpira. Mistari ya mapambo nayo hupatikana kwa joto: kata theluthi moja tu ya unene, pitisha hewa moto, na mkato utajifungua wenyewe kama mdomo.

Nyufa za maungio zizibwe kwa kijazio cha akriliki, kile cha mafundi rangi kinachosawazishwa kwa kidole chenye maji. Kisiwe silikoni tupu, kwani rangi haishiki juu yake. Soma kibandiko, mirija inafanana. Kusugua kwa mashine ndogo kunataka kinyago cha vumbi na miwani.

Rangi nitaipita mbio, imeshasemwa vya kutosha. Kabla yake mpira unahitaji praima, yaani tabaka la msingi, inayonyumbuka. Gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, tabaka nne hadi nane nyembamba, hutosha kwa dirii isiyokunjika, lakini kiwikoni hupasuka na ikilowa jasho hulainika. Sehemu za kukunjika zipate praima ya mpira wa kupuliza. Rangi ya kupuliza ya kawaida juu ya mpira mtupu hupasuka kama udongo wa kiangazi. Kwa mwonekano wa chuma, tanguliza nyeusi, kisha fedha kwa brashi iliyofutwa karibu ikauke, ukigusa kingo tu. Rangi ya kahawia iliyozimuliwa maji, ikipakwa na kufutwa, hubaki mabondeni na kuleta uzee. Vanishi juu. Basi.

Mikanda ndiyo ungio linalosahauliwa. Lastiki ikigundishwa moja kwa moja nyuma ya dirii itatoka, hata gundi iwe bora namna gani, kwa sababu nguvu haiivuti ubapa bali huimenya kuanzia ukingoni, milimita kwa milimita, kama ndizi. Dawa yake ni kuitandaza: gundisha sentimita 5 za mkanda kwenye mpira uliokwaruzwa, kisha funika kwa kipande cha mpira wa milimita 5 chenye upana wa sentimita 8 kwa 8, chenye mpasuo ambapo mkanda unatokea. Bora zaidi, pitisha mkanda kwenye mpasuo wa dirii na uushone kwenye kipande cha nailoni ngumu kwa nyuma. Velkro zenye gundi yake hazifai deraya. Shona velkro kwenye mkanda, kisha mkanda ndio ugundishwe. Mabega yaning'inizwe kwenye dirii kwa lastiki, siyo kwenye mkono, ili mkono ukipanda bega lifuate badala ya kumchoma mtu shingoni. Bizimu za kubofya ziwe pale ambapo vidole vya mvaaji vinafika bila msaada. Fundi anayesahau hili humfanya mvaaji mfungwa wa rafiki yake hata kwenda msalani.

Chini ya deraya kuna kitambaa, na kitambaa nacho kina maungio. Suti ya kubana ya spandeksi ikatwe mvutano mkubwa ukizunguka mwili, na vipimo vipunguzwe kama asilimia 10, la sivyo itajikunja magotini. Tumia sindano ya vitambaa vya kuvutika, namba 75, yenye ncha ya mviringo inayosukuma nyuzi badala ya kuzitoboa. Sindano ya kawaida huacha mishono iliyoruka. Mshono uwe zigizaga nyembamba, upana milimita 1 na urefu 2.5. Mshono ulionyooka utakatika mara ya kwanza mvaaji akiinama, na sauti yake inasikika mbali.

Ngozi bandia haisamehe: kila tundu la pini hubaki. Tumia vibanio, na mshono wa milimita 3.5 au 4, maana mishono iliyosongamana huigeuza stempu ya posta, ikachanika kwenye mstari. Mahameli ina manyoya yanayolala upande mmoja. Vipande vyote vielekee upande huo huo, la sivyo joho moja litaonekana limetoka kwenye majora mawili. Pamba ifuliwe kabla ya kukatwa.

Joho la nusu duara lina hesabu nyepesi. Gawa mzunguko wa shingo kwa 3.14 upate nusu kipenyo cha tundu: shingo ya sentimita 40 inataka 12.7. Joho la sentimita 110 kwa urefu litakuwa na ukingo wa nje wa nusu kipenyo cha sentimita 122.7, kwa hiyo kitambaa cha upana wa sentimita 150 kinatosha bila kuungwa, ukikilaza urefu wa mita 2.5. Likiisha kukatwa, litundike siku nzima kabla ya kukunja pindo. Sehemu zilizokaa hanamu ya nyuzi za kitambaa hushuka kwa uzito wake zenyewe, na ukikunja mapema pindo litakuwa la mawimbi. Uzito wa joho usibebwe na koo. Lifungwe kwenye mabega ya dirii kwa vifungo vya kubana vilivyoshonwa juu ya kipande imara.

Chapeo inataka hewa zaidi ya uzuri. Pumzi hutoa unyevu, unyevu huziba vioo vya macho, na mvaaji huanza kutembea kwa kubahatisha. Acha matundu juu na chini ili hewa moto ipande itoke, na feni ndogo ya kompyuta iwekwe ikitoa hewa nje, sio ikimpulizia machoni. Kabla ya rangi, si baada yake, mvaaji avae kila kitu na akae, apande ngazi, ainue mikono juu, aokote kitu sakafuni, atazame miguu yake. Kinachogoma sasa kinakatwa kwa kisu. Kikigoma baada ya rangi, kitaharibiwa.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Mkichapisha tena maelekezo ya kutengeneza deraya, hata kama nafasi inatosha aya moja tu, aya hiyo iseme: gundi pande zote mbili, subiri ikauke, finya kwa nguvu, madirisha wazi, kinyago cha mvuke. Rangi msomaji ataiona mwenyewe pichani.

Wako,
Fundi wa mavazi ya wahusika